Herufi Nane na Kistari Kimoja

Kiwanda chetu kilikuwa kinachapa lebo za chupa za dawa. Kilikuwa na vyumba vitatu vyenye kompyuta, na katika watu wote wa pale ni mimi peke yangu niliyekuwa naingia vyote vitatu kila siku, kwa sababu vyote vilitaka kufagiwa. Wachoraji hawakushuka chini. Watu wa stoo hawakupanda juu. Dada wa mashine alikuwa hatoki kwenye chumba chake mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mimi nilipita na ndoo yangu na dekio langu, wakaniita Mama Dekio, na mpaka leo wapo wasiojua jina langu jingine.

Nilianza pale nikiwa na miaka thelathini na miwili na watoto wawili. Shule sikuenda. Baba alisema wavulana kwanza, zamu ya wasichana itafika, na mimi nilingoja mpaka nikaolewa. Kusoma nilijifunza pale kiwandani, kwa lebo zilizoharibika. Neno la kwanza kulisoma mwenyewe lilikuwa "tikisa". La pili lilikuwa "kabla". Nilikaa miezi kadhaa naweza kusoma maneno ya chupa tu. Ukinipa gazeti nilikuwa naduwaa.

Kompyuta za vyumba vile hazikufanana. Juu kwa wachoraji ilikuwa ile nyeupe yenye tufaha lililong'atwa. Stoo ilikuwa Windows, ya kawaida, kama za maofisini. Chumba cha mashine ilikuwa Linux, kuukuu, maandishi meupe kwenye weusi, haina hata picha ya ua. Lakini zote tatu zilikuwa na lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Unaandika mstari, unabonyeza kitufe kikubwa, na mashine ya kuchapa inaanza kunguruma.

Balaa lilikuwa kwenye vidole. Stoo, ukibonyeza Kontroli na C, unanakili maandishi. Kwenye chumba cha mashine, vitufe vile vile viwili vinaua kazi inayoendelea. Mtunza stoo, ambaye tulimwita Kidole Kimoja kwa jinsi alivyokuwa anaandika, kila aliposhika zamu ya Dada wa mashine aliua kazi. Alitaka kunakili namba tu. Mashine inazimika katikati ya gombo, ile karatasi ya gundi iliyoviringwa, na gombo zima linatupwa. Mchoraji naye akishuka anatafuta kitufe cha kwao ambacho huku hakipo. Wanagombana, wanaitana vipofu, mimi nafagia mabaki.

Fundi wa kompyuta alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Miwani. Alivaa mbili, moja ya kusomea na moja juu ya kichwa ambayo alikuwa akiitafuta kutwa. Siku moja alinikuta nabandika viduara vya rangi kwenye vitufe. Nilivikata kwenye mabaki ya lebo. Kijani cha kunakili, chekundu cha kuua kazi, njano cha kurudi mwanzo wa mstari, bluu cha kuita amri iliyopita. Nilivibandika kwenye kompyuta zote tatu, rangi moja kwa kazi moja, kwa sababu nilikuwa nimewatazama watu wakibonyeza kwa miaka sita na najua kila kidole kinakwenda wapi.

Nilidhani atanifukuza. Akainama, akatazama ya stoo, akapanda juu akatazama ya wachoraji, akarudi anahema.

"Nani kakuonyesha haya?"

Nikamwambia hakuna. Nikamuuliza kwa nini kijani kikae kitufe hiki stoo na kitufe kingine kwa wachoraji, na kama haiwezekani mashine zikaambiwa zifanane. Alikaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa akacheka mpaka machozi. Alisema ana miaka kumi na minne pale na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, kila mtu anakuja kumwambia mwenzake ni mjinga.

Basi tukafanya. Mimi nilisema kidole, yeye aliandika. Kila kompyuta ina faili lake la maelekezo, unaliandikia unachotaka kitufe fulani kifanye, nayo inatii. Alinieleza kwamba unapoandika kwenye lile dirisha jeusi huongei na mashine yenyewe, unaongea na ganda lake, na kila kompyuta ina ganda lake na kila ganda lina tabia zake na kumbukumbu zake. Ukiita amri iliyopita stoo, utapata amri ya stoo. Ukiita kwenye chumba cha mashine, utapata ya chumba cha mashine. Hayaambiani.

Tulichukua miezi minne. Vitufe vingine vilikataa kabisa, kwa sababu dirisha lilivimeza kabla ganda halijavisikia, na hapo ilibidi tutafute njia ya kuzunguka. Kontroli na C tukaifanya ya kunakili vyumba vyote. Kuua kazi tukakuhamishia kwenye X, nikakibandika chekundu. Miwani aliandika jioni, mimi nilijaribu asubuhi nikipangusa vumbi. Nikimwambia "stoo bado njano inakwenda mwisho badala ya mwanzo," anarekebisha.

Kuna moja niliigundua kwa tambara. Napangusa kibodi ya chumba cha mashine, tambara likagandamiza Kontroli na S, na skrini ikatulia. Maandishi yaliyokuwa yanapanda yakasimama. Dada wa mashine akabonyeza kila kitu, hakuna kilichotokea, akaanza kulia kwamba nimemuulia kompyuta. Miwani akaja, akabonyeza Kontroli na Q. Skrini ikaamka, na vyote alivyobonyeza yule dada katika kiwewe chake vikamwagika kwa mpigo mmoja, amri juu ya amri.

Miwani alisema haikufa. Ilikuwa imenyamaza tu. Kila unachoiambia ikiwa imenyamaza inakisikia na kukiweka, na siku ukiifungulia inakitekeleza chote, kwa mpangilio ule ule. Njia pekee ya kuvitupa vilivyowekwa ni kile chekundu, nacho kinatupa na kazi yenyewe iliyokuwa inaendelea.

Nilielewa hilo upesi kuliko yote aliyowahi kunieleza.

Nikamwambia aondoe tabia hiyo. Watu wa stoo kila wanachoandika wanakihifadhi kwa Kontroli na S, kama mtu anayejikuna, hawajui hata kwamba wamefanya. Wakija huku watagandisha skrini kila siku. Akaongeza mstari mmoja kwenye faili, mfupi, herufi nane na kistari kimoja. Haukuwa neno la lugha ninayoijua. Nilimwomba aniandikie nyuma ya lebo, nikauchukua nyumbani.

Bosi aliposikia kwamba vyumba vitatu sasa vinafanana alikuja kutazama. Miwani akamwambia mpangilio ni wa Mama Dekio. Bosi alicheka, halafu akaona Miwani hacheki. Siku zile alikuwa anatafuta mwangalizi, mtu wa kukaa popote mwenzake asipokuja, juu, stoo au kwenye mashine. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye kiti. Mimi nilikuwa kibarua mwaka wa saba na nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya jengo lile isipokuwa kwenye ndoo.

"Haya, Mama Dekio," alisema. "Mwezi mmoja. Usikatike mchapo hata mmoja vyumba vyote, na kiti ni chako."

Wiki mbili kabla ya mwezi huo kuanza, macho ya Miwani yakamkataa kabisa, akapumzishwa. Nafasi yake ilichukuliwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale, mwaka mmoja nyuma, awe msaidizi wa Miwani, akapewa meza stoo. Alikuwa na cheti cha kompyuta na hakuwa na pa kukitumia. Alilala sebuleni kwetu miaka miwili. Nilimfulia mpaka soksi.

Alipolifungua lile faili alikuta juu kabisa Miwani ameandika "Mpangilio wa vidole vya Mama Dekio". Akafuta, akaandika jina lake. Akalipanga upya lipendeze. Mistari ambayo hakuona kazi yake akaiondoa. Halafu akaenda kwa bosi na karatasi aliyoichapa, yenye jedwali.

Habari nilizipata kwa Kidole Kimoja, aliyekuja kuniuliza kama ni kweli shemeji yangu ana akili kiasi kile. Nilimngoja shemeji nyumbani. Nilimuuliza mbele ya kaka yake, wakati wanakula.

"Shemeji," alisema, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "bosi atampaje kiti mtu asiyeweza kuandika barua? Nikikipata mimi, si kimebaki nyumbani?"

Nikamtazama mume wangu. Akasema chumvi imezidi.

Nilikwenda kwa bosi mwenyewe. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi, kwa sababu nilikuwa nimetoka kupiga deki pale pale. Nikamwambia. Alinisikiliza, nampa haki yake. Alisema hana muda wa ugomvi wa familia, ila sharti halijabadilika. Mwezi ukiisha bila mchapo kukatika, tutakaa wote wawili mbele yake, vyumba vyote vitatu, na atakayejua vidole ndiye mwenye kiti. Ukikatika hata mmoja, hakuna jaribio, na mpangilio unaondolewa.

Hiyo ilinitosha. Shemeji hakuijua ile ya tufaha hata kidogo. Alikuwa hapandi juu. Nilichohitaji ni mwezi kuisha. Nilifagia nikihesabu siku. Nikikuta mtu anasitasita mbele ya kibodi, namwonyesha rangi kwa mpini wa dekio. Kidole Kimoja alishika zamu mbili kwenye chumba cha mashine na hakuua kitu. Alinunua soda akagawa.

Siku ya ishirini na tisa, saa nne asubuhi, bosi alileta wageni wawili wa kampuni ya dawa kuona kazi. Dada wa mashine alikuwa hakuja, anaumwa jino. Shemeji akakaa badala yake. Mimi nilikuwa pale pale mlangoni na ndoo, sakafu nusu mbichi nusu kavu. Kwenye mashine lilikuwa gombo la dawa ya maji ya watoto, limeshachapwa picha ya mtoto, linangoja vipimo vya vijiko. Nilijua kwa sababu nililiona likifungwa. Nilijua pia gombo la jana lilikuwa la vidonge vya watu wazima, kwa sababu nilifagia mabaki yake.

Shemeji akaandika amri, mashine ikanguruma, mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Akawaeleza wageni. Alieleza vizuri, maneno yangu yote aliyatumia. Mgeni mmoja akamwomba aandike kitu kwenye kidirisha cha pembeni cha kuandikia maelezo. Akaandika. Akabofya kurudi kwenye dirisha jeusi. Na kwa mazoea ya stoo, mkono wake wa kushoto ukahifadhi. Kontroli na S.

Skrini ikatulia.

Ndipo nilipojua kwamba ule mstari ameufuta, na kwamba faili lake jipya limesomwa asubuhi ile tu, alipoiwasha upya kompyuta. Mashine nayo ikapunguza mngurumo, ikasimama, inangoja. Hakukuwa na moshi wala kengele. Bosi akauliza ni nini. Shemeji akasema ni kitu kidogo. Akabonyeza kitufe kikubwa mara mbili. Akabonyeza bluu, mara tatu, kisha kitufe kikubwa. Kimya. Akarudia. Bluu mara tatu, kitufe kikubwa. Akarudia tena.

Mimi herufi nyingi za skrini sizisomi upesi, lakini vidole nasoma. Bluu ni kuita amri iliyopita. Alikuwa anahesabu kwa kumbukumbu ya ganda la stoo, ambako amezoea kukaa. Kule amri ya tatu nyuma ilikuwa ya kukagua hali ya mashine. Huku, ya tatu nyuma ilikuwa kazi ya jana. Alikuwa ameagiza mara tatu vipimo vya watu wazima juu ya lebo za watoto, na zote zimewekwa ndani, zinangoja.

Kisha nikaona sura yake imefunguka, na kidole chake kinakwenda kwenye Q. Alikumbuka. Sikatai, alisoma.

Nimewahi kuulizwa na dada yangu kama niliwaza watoto wa watu pale. Sikuwaza. Sikuwaza chochote. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye dekio.

"Shemeji, usiifungulie hiyo," nilisema. "Uliyoandika yamo ndani. Yatatoka yote."

Hakugeuka. "Mama Dekio," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, "rudi kwenye ndoo yako."

Wageni wakacheka kwa adabu. Kidole chake kilikuwa kimeshafika juu ya Q. Nikapita kwenye sakafu mbichi, nikanyoosha mkono juu ya bega lake, nikabonyeza Kontroli na chekundu.

Mashine ikakata. Gombo likalegea. Skrini ikaamka ikiwa safi, na kijimstari kinapepesa peke yake, kama hakuna kilichowahi kuandikwa. Hivyo ndivyo chekundu kinavyofanya kazi. Kinatupa vyote, hakiachi hata alama ya kile kilichokuwa kinangoja. Nilisimama pale na mkono bado hewani, na hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Bosi aliuliza nimefanya nini. Nilimweleza. Nilimweleza mpaka mwisho, bluu mara tatu, gombo la jana, picha ya mtoto. Akamgeukia shemeji akamuuliza kama ni kweli.

Shemeji alitazama vitufe. Najua alihesabu, kwa sababu midomo yake ilicheza. Moja, mbili, tatu. Alipofika tatu akafunga mdomo.

"Ilikuwa inarudi yenyewe," alisema. "Nilikuwa naifungulia."

Bosi alisema ameniona kwa macho yake nikibonyeza. Hakupaza sauti. Aliwaomba wageni radhi, akawapeleka juu wakaone ile ya tufaha. Mimi nikakausha sakafu.

Mpangilio uliondolewa kesho yake. Kila kompyuta ikarudi kwenye tabia zake. Bango likawekwa kwenye milango mitatu kwamba wafagiaji hawaruhusiwi kugusa kibodi hata kwa kupangusa, na nililisoma bila msaada. Viduara vyangu vilikwanguliwa kwa wembe, na aliyepewa kazi ya kuvikwangua ni mimi, ikiwa mara yangu ya mwisho kugusa kibodi. Gundi haikutoka yote. Kiti cha mwangalizi hakupewa mtu, na baada ya muda kikawekwa stoo, Kidole Kimoja akawa anawekea chai.

Mume wangu alisema mara moja tu kwamba yule ni mdogo wake na damu yake, na mimi nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja. Soksi za shemeji niliziacha pembeni. Alizifua mwenyewe, zikabaki na sabuni.

Ilipita miezi miwili. Kazi zilikatika kama zamani, mara moja kwa wiki, mara mbili, na mabaki yalirudi kujaa. Bosi akamwita shemeji akamwambia kama mpangilio ni wake kweli, aurudishe, na safari hii skrini isigande. Akampa siku kumi, la sivyo atafute mlango.

Siku ya nane alinifuata chumba cha mashine asubuhi, kabla wengine hawajafika. Macho mekundu, shati la jana. Alisimama kwenye sehemu kavu ya sakafu, hakukanyaga mbichi.

Alisema amerudisha karibu vyote. Kimemshinda kimoja, cha kuzuia ile skrini kunyamaza. Anakumbuka kulikuwa na mstari. Amejaribu vitu vingi, na kila alichojaribu kimeharibu kingine. Kwa Miwani amekwenda, akakuta wamemhamishia kwa binti yake, mji mwingine.

"Shemeji, ule mstari ulikuwa unasemaje?"

Lebo ile ilikuwa nyumbani, chini ya godoro. Wala sikuihitaji. Nilikuwa naukumbuka herufi kwa herufi, zote nane, na kistari kilipo. Ningeweza kumwandikia kwa maji pale pale sakafuni, kwa kidole.

"Mimi si hata barua siwezi kuandika, shemeji," nilisema. "Wewe ndiye uliyeufuta. Wewe ndiye unayejua ulikuwa unasemaje."

Nikamwomba asogee kidogo, kwa sababu alikuwa amesimama palipobaki, nikachovya dekio nikamaliza.